Afya ya Jamaa: Maziwa Pasipo Mtoto

Juma hili twataka kusema habari ambayo watu huificha. Wanawake huitaja kwa sauti ndogo, na wanaume hawaitaji kabisa. Ni habari ya mke anayetoka maziwa matitini, naye hana mtoto wa kunyonyesha. Tena siku zake za mwezi zimekoma, wala hana mimba. Mwaka wa kwanza watu wa nyumbani hungoja. Mwaka wa pili huanza kunong'ona. Mwaka wa tatu wakwe huja kukaa barazani, na mazungumzo yao ni juu ya ng'ombe na mbuzi waliotolewa mahari. Wengine husema: "Amerogwa." Wengine husema: "Alitoa mimba kwa siri, na sasa maziwa yamemtaja." Maneno haya ya pili ni mabaya kuliko ya kwanza, kwa sababu yanamchafulia jina mtu asiye na kosa.

Basi tuseme wazi tangu mwanzo. Huu ni ugonjwa, una jina, una dawa, na mara nyingi dawa yenyewe ni kidonge kidogo sana. Pengine hata hicho hakihitajiwi: yatosha kuacha kidonge kingine ambacho mgonjwa alikuwa akikimeza bila kujua kazi yake.

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, pana tezi ndogo kama punje ya njegere. Jina lake pituitari. Kazi yake ni kutuma wajumbe katika damu, na wajumbe hao huitwa homoni. Mmojawapo ni prolaktini, naye ndiye anayeyaamuru matiti yatengeneze maziwa. Mama akiwa na mimba, prolaktini hupanda. Akinyonyesha, hupanda tena kila mtoto avutapo titi. Na inapokuwa juu, huzuia yai la mwanamke lisipevuke, na siku za mwezi hukawia. Ndiyo maana wazee wetu waliona kwamba mama anyonyeshaye sana, mchana na usiku, hashiki mimba upesi. Hayo ni ya kawaida, tena ni mema. Ugonjwa ni pale prolaktini inapopanda bila mimba wala mtoto: mwili wa mwanamke huenda kana kwamba ananyonyesha, nao hukataa kushika mimba nyingine.

Homoni nyingi hungoja amri ndipo zitoke. Prolaktini ni kinyume: ubongo huizuia sikuzote, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kamba hiyo ni kitu kiitwacho dopamini, ambacho ubongo hukitengeneza wenyewe. Kamba ikilegea, prolaktini huenda itakako. Tunawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili la kamba, kwani habari yote ya dawa imesimama juu yake.

Jina la prolaktini lilitolewa mwaka 1933 na Oscar Riddle na wenzake huko Marekani, nao walikuwa wakichunguza njiwa. Mfugaji wa njiwa anajua kwamba makinda hulishwa kitu cheupe kama maziwa, kitokacho katika mfuko wa chakula ulio shingoni mwa wazazi. Na baba hulisha sawasawa na mama. Prolaktini ndiyo inayokitengeneza. Twalitaja jambo hili la baba kwa kusudi, maana hata mwanaume wa binadamu anayo prolaktini, nayo yaweza kumsumbua. Tutamfikia.

Sasa, mwanamke akiona maziwa au siku zake zikikoma, aanze wapi? Aanze kwa kupima mimba. Yaonekana ni neno la kuchekesha, lakini wako waliozunguka huku na huku miezi mitatu, kumbe ni wajawazito. Vilevile mama aliyemwachisha mtoto juzijuzi asiogope akiona matone: maziwa kidogo yaweza kubaki miezi mingi, hata mwaka, na kama siku zake zimerudi vizuri, hana ugonjwa. Tena asiyakamue kila asubuhi ili kutazama kama bado yapo. Kule kukamua huliambia titi kwamba mtoto yupo, na maziwa hayataisha. Lakini kama kinachotoka ni damu, au chatoka titi moja tu, au pana donge, hiyo ni habari nyingine kabisa, naye aende hospitali juma hilohilo.

Swali la pili ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu halina gharama: "Unameza dawa gani?" Ziko dawa ambazo kazi yake ni kuizuia dopamini, yaani hulegeza ile kamba. Ya kwanza ni metoklopramidi, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Primperan, dawa ya kutapika. Ya pili ni domperidoni, iitwayo pia Motilium, dawa ya tumbo lililojaa gesi na kichefuchefu. Watu hununua vidonge hivi sokoni pasipo karatasi ya daktari, wakavimeza kila mara baada ya kula, miezi na miezi. Tumbo latulia, na maziwa yanaanza kutoka. Wengine hata huwapa domperidoni akina mama wenye maziwa machache, ili yaongezeke. Basi ajabu gani ikiwa yule asiye na mtoto naye apata maziwa? Tena ziko dawa za wagonjwa wa akili: haloperidoli, klopromazini iitwayo Largactil, risperidoni. Na iko metildopa, dawa ya shinikizo la damu, ambayo wajawazito wengi hupewa na wengine huendelea nayo baada ya kuzaa.

Kwa hiyo mwendee daktari pamoja na dawa zote za nyumbani. Weka katika mfuko kila sanduku, kila kijikaratasi, hata vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti. Mara nyingi mfuko huo humfundisha daktari mambo mengi kuliko mashine. Kama kosa ni la dawa ya tumbo, kuiacha kwatosha, na siku chache baadaye prolaktini huanza kushuka. Lakini hapa twaweka onyo kali. Mgonjwa wa akili asiache dawa yake kwa shauri lake mwenyewe, wala jamaa wasimnyang'anye. Ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu na kuleta msiba nyumbani. Daktari aliyeitoa ndiye atakayetafuta nyingine isiyogusa sana prolaktini. Hata dawa ya shinikizo isiachwe hivihivi. Ibadilishwe na anayejua.

Swali la tatu lahusu shingo. Sisi watu wa milima ya mashariki ya Kongo twaijua rovu, lile donge la shingoni. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa chuo cha uchunguzi cha IRSAC kilichokuwa Lwiro, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walikichunguza kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, wakakuta watu wengi mno wenye rovu, hasa upande wa kaskazini. Iodini ilikuwa haba katika chakula. Na baadaye ilijulikana kwamba mihogo isiyolowekwa vizuri huongeza ubaya huo. Sasa, kuna uhusiano gani kati ya shingo na titi? Uko. Tezi ya shingo ikichoka, ubongo huona upungufu, nao hupiga kelele kwa pituitari: "Mwamshe huyo mvivu!" Kelele hiyo huiamsha prolaktini pia. Mwanamke hunenepa bila kula sana, huona baridi wakati wenzake waona joto, ngozi yake hukauka, hulala mno, na maziwa hutoka. Dawa yake si dawa ya prolaktini. Ni homoni ya tezi ya shingo yenyewe, levothiroksini, kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Tezi ikitulizwa, na prolaktini hushuka. Aliyepewa dawa ya prolaktini pasipo kupimwa tezi ya shingo ametibiwa nusu. Na chumvi yenye iodini, mama watunzaji wa jiko, ifunikeni vizuri, mkaitie mwisho wa kupika, kwani iodini hupotea kwa joto na hewa.

Figo zilizoharibika nazo hupandisha prolaktini. Hilo twalipita upesi.

Yote hayo yakiondolewa, hubaki sababu iliyo katika pituitari yenyewe: uvimbe mdogo unaotengeneza prolaktini bila kipimo. Neno "uvimbe ndani ya kichwa" huwaangusha watu kwa hofu, nasi tumesikia kwamba wengine wakilisikia huanza kuaga ndugu zao. Wasifanye hivyo. Uvimbe huu, karibu sikuzote, si kansa. Kwa wanawake mara nyingi haufikii hata milimita 10, wala hausambai mwilini. Ukiwa mkubwa waweza kuleta shida, kwa sababu juu ya pituitari hupita mishipa ya macho. Hapo mtu huumwa kichwa, na macho yake huona mbele lakini pembeni yamefungwa: hugonga miimo ya mlango kwa bega, au hushtuka baiskeli ikimpita, maana hakuiona ikija. Mwenye dalili hizo asingoje zamu ya mwezi ujao.

Prolaktini hupimwa kwa damu, katika maabara za miji mikubwa. Mgonjwa apumzike kwanza, asifike mbio na jasho, wala asipimwe mara baada ya kukaguliwa matiti, kwani hofu, mbio na kuguswa titi huipandisha. Kwa mwanamke asiye na mimba, maabara nyingi huhesabu hadi nanogramu 25 hivi katika mililita moja ya damu kuwa ya kawaida. Kwa mwanaume hadi 20 hivi. Ikizidi kidogo tu, hupimwa tena siku nyingine kabla ya kusema neno. Ikipita 250, mara nyingi ni uvimbe, ingawa metoklopramidi na risperidoni peke yake zaweza kuivusha 200. Ndiyo sababu ya ule mfuko wa dawa. Maabara nyingine hutumia vipimo vingine, na hesabu zao ni kubwa zaidi. Usilinganishe karatasi yako na ya jirani. Picha ya kichwa huja baadaye, nayo ni ghali na hospitali nyingi hazina mashine yake. Kwa hiyo yafaa jamaa wajue kwamba haipigwi kwanza: mimba, dawa na tezi ya shingo hutangulia, navyo havigharimu sana.

Tumefika kwenye dawa yenyewe. Kama ugonjwa ni kamba iliyolegea, dawa ni kuikaza. Ya kwanza ni bromokriptini, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Sandoz huko Uswisi katika miaka ya 1960, ikaanza kuuzwa kwa jina la Parlodel katika miaka ya 1970. Asili yake yastaajabisha: ilitokana na ukungu unaoota katika masuke ya nafaka za Ulaya, ambao zamani uliwaletea watu waliokula mkate wake maradhi makali na kifo. Wataalamu waligeuza kitu cha ukungu huo, wakapata kidonge kinachofanya kazi ya dopamini. Baadaye, huko Italia, ikatengenezwa kabergolini, iitwayo pia Dostinex, ya jamaa hiyohiyo, lakini hukaa mwilini siku nyingi.

Tofauti yake ni kubwa kwa mgonjwa. Bromokriptini humezwa kila siku, mara nyingi mara mbili au tatu. Kabergolini humezwa mara moja au mbili kwa juma. Mwaka 1994 yalitolewa majibu ya uchunguzi wa wanawake 459 waliokoma siku zao kwa sababu ya prolaktini. Kati ya waliopewa kabergolini, 83 kwa kila 100 walirudi katika hesabu ya kawaida. Kati ya waliopewa bromokriptini, 59. Walioacha dawa kwa kushindwa kuivumilia walikuwa 3 kwa 100 kwa kabergolini, na 12 kwa 100 kwa bromokriptini. Basi kabergolini ni bora. Lakini bromokriptini nayo ni dawa njema, imetumika miaka mingi, na anayeipata hiyo peke yake asidhani amepewa takataka.

Ubaya wake ni mwanzo. Siku za kwanza huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, na kizunguzungu mtu ainukapo kitandani, wengine wamezimia. Kwa hiyo huanza kidogo kidogo: nusu kidonge cha bromokriptini, yaani miligramu 1.25, usiku pamoja na chakula, halafu mtu alale. Kisha daktari huongeza polepole. Kabergolini nayo mara nyingi huanza na nusu kidonge, miligramu 0.25, mara moja au mbili kwa juma, tena pamoja na chakula. Asubuhi keti kwanza kitandani, kisha simama. Baada ya majuma machache wengi huzoea. Na hapa pana mtego ambao twauchukia kwa sababu ni rahisi kuuepuka. Mgonjwa aona kichefuchefu, jirani mwema amletea Primperan. Tumekwisha kusema kwamba Primperan hulegeza kamba! Mkono mmoja wakaza, mwingine wafungua, na fedha za kabergolini zimetupwa mtoni. Kichefuchefu kikizidi, mwambie aliyekupa dawa; atapunguza kipimo au atabadili.

Mambo mengine matatu mwambie daktari pasipo haya. Kama una shinikizo la damu, au uliwahi kuugua moyo. Kama unatumia dawa za kupunguza virusi vya ukimwi, au erithromisini, kwani baadhi yake huzidisha nguvu za dawa hizi mwilini. Na la tatu ni geni: watu wachache wakitumia dawa hizi hushikwa na tamaa isiyozuilika, ya kamari, ya kununua vitu ovyo, au ya mwili. Mtu aliyekuwa mpole aanza kumaliza mshahara katika michezo ya bahati. Jamaa wasimtukane kwanza; watazame kisanduku cha dawa, wakamweleze daktari. Juu ya moyo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha vali za moyo kuharibika kwa wagonjwa wa Parkinson waliomeza kabergolini nyingi kila siku. Kipimo cha prolaktini ni kidogo mno kuliko hicho, lakini anayeimeza miaka mingi yafaa moyo wake usikilizwe.

Muda wa kutumia? Si juma moja. Siku za mwezi zaweza kurudi baada ya majuma au miezi michache, nao uvimbe wenyewe mara nyingi hupungua kwa dawa tu, bila kisu. Lakini mwenye uvimbe huendelea na dawa walau miaka miwili kabla daktari hajajaribu kuipunguza. Wengi huacha maziwa yanapokauka, wakisema: "Nimepona." Kisha yarudi, na sasa wasema dawa haifai. Bei ni nzito, twajua. Ni afadhali jamaa wakae pamoja mwanzoni wakahesabu fedha za mwaka, kama wanavyohesabu za shule, kuliko kununua vidonge vinne, wakanyamaza miezi mitatu, wakanunua vinne tena.

Sasa twamgeukia baba. Prolaktini ikipanda kwa mwanaume, maziwa ni nadra. Hupoteza tamaa ya ndoa na nguvu zake, na mbegu zake zaweza kupungua. Kwa kuwa hana siku za mwezi za kumwonya, na haya humfunga kinywa, mara nyingi hufika hospitali wakati uvimbe umekwisha kuwa mkubwa na macho yamepungua. Wakati huo wote mkewe amelaumiwa kwa utasa na kupelekwa huku na huku. Twasema bila kuficha: ndoa isiyopata mtoto ina watu wawili, na wawili wapimwe. Bwana ampelekaye mkewe kwa daktari naye akabaki nje chini ya mwembe hajafanya ila nusu ya safari. Dawa ya mwanaume ni hizohizo.

Limebaki jambo la mimba. Mke akianza dawa aweza kushika mimba kabla hata hajaona siku zake za kwanza, kwa sababu yai hutangulia damu. Basi akikawia, asingoje; apime. Mimba ikionekana, amwambie daktari siku hizohizo, naye kwa kawaida huikomesha dawa. Mwenye uvimbe mkubwa daktari humwangalia kwa namna yake, hasa macho yake na maumivu ya kichwa. Waliopata mimba wakiwa wanameza bromokriptini ni maelfu, na watoto wao hawakuonekana kuwa na hitilafu kuliko watoto wengine. Habari za kabergolini nazo zatia moyo. Mtoto akizaliwa, mama aweza kumnyonyesha, ila asimeze dawa hizi wakati huo, maana zitayakausha maziwa yaleyale aliyoyangoja.

Wala mama mwingine yeyote aliyejifungua asinunue Parlodel kwa ajili ya kukausha maziwa. Zamani ilitumika hivyo, lakini baadhi ya wazazi walipatwa na kiharusi na ugonjwa wa moyo, na Marekani matumizi hayo yaliondolewa mwaka 1994. Aliyefiwa na mtoto mchanga, naye matiti yamejaa na kuuma, ayafunge kwa sidiria au kitambaa cha kuyashika vema, atumie maji ya baridi na paracetamol, akamue kidogo tu pale maumivu yanapozidi. Baada ya siku chache yatapungua yenyewe.